Kumpelekea chakula asiyetoka nyumbani: mwongozo kamili wa gharama zinazomwangukia mpelekaji

Huku kwetu Mtwara na Lindi, ahadi nyingi hutolewa Novemba. Mnada wa korosho umepita, malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yameingia, mtu ana moyo mweupe. Akimkuta bibi wa nyumba ya nne amelala ndani, jiko limepoa tangu jana, anatamka palepale: "Bibi, chakula cha mchana nitakuletea mimi." Desemba anapeleka. Januari anapeleka, ingawa sare na madaftari ya watoto yameshaanza kula akiba. Februari mvua imeharibu njia na pikipiki inadai tairi. Machi anapitia uchochoro mwingine ili bibi asimwone.

Bibi naye alishamwambia binti wa jirani asihangaike tena na uji, kwa kuwa sasa ana mtu wake. Chakula kinachokatika ghafla humwacha mzee pabaya kuliko alipokuwa kabla hujabisha hodi, maana wale waliokuwa wakimchungulia zamani wameshaondoka. Nimeona hivyo mara nyingi kiasi kwamba mtu akiniuliza anaanzaje kazi hii, simwelekezi sokoni. Namwambia atafute daftari na kalamu.

Mwongozo huu ni kwa mtu mmoja, familia, au kikundi kidogo cha msikiti, jumuiya au mtaa kinachopeleka chakula kwa watu wasioweza kutoka: mzee aliyepooza upande kwa kiharusi, mwenye sukari aliyekatwa mguu, mwenye matende aliyevimba hadi hawezi kutembea, mama anayemuuguza mtoto asiyeweza kuachwa peke yake. Gharama ya chakula chenyewe nitaigusa kidogo tu, kwa sababu hiyo kila mtu huihesabu. Ninazozitafuta ni zile zinazotoka mfukoni, mwilini na nyumbani kwa mpelekaji bila kuandikwa popote.

Wapo watakaosema sadaka haihesabiwi. Sikubaliani nao. Daftari hili halisomwi mbele ya anayepewa wala halimsimangi. Linamlinda asije akaachwa.

1. Tafuta mwezi wako mbaya kabla ya kutafuta mtu wa kumsaidia

Kusini pesa ina majira, na kila kazi ina majira yake. Mkulima wa korosho huuza kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, kisha Juni na Julai anatoa pesa ya kupulizia mikorosho salfa wakati hajaingiza kitu. Wa Lindi mwenye ufuta anapata katikati ya mwaka. Mbaazi huleta kidogo Agosti na Septemba. Mvuvi wa Mikindani au Kilwa hubanwa kusi inapovuma, na mama lishe hubanwa mchana wa Ramadhani. Dereva wa bodaboda mvua ikinyesha siku nzima anarudi na deni la hesabu ya bosi. Mwajiriwa naye ana Januari.

Andika miezi kumi na miwili kwenye ukurasa mmoja. Mbele ya kila mwezi weka kinachoingia na kinachotoka nyumbani kwako, kwa kukadiria tu. Utauona wenyewe ule mwezi ambao baada ya chakula, kodi ya nyumba na maji kunabaki kidogo sana. Kwa wengi wetu utaangukia kati ya Februari na Aprili. Ahadi yako ipime kwa mwezi huo. Ukipata kwamba mwezi huo unaweza kutoa shilingi 15,000 bila kukopa, basi uwezo wako ndio huo, hata kama Novemba una laki tatu mkononi.

Hizo laki tatu zina kazi. Kata sehemu yake uiweke mahali ambapo huwezi kuichota kirahisi: hisa za VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), akaunti tofauti, au chakula kisichooza haraka. Mchele, choroko, kunde na makopa vilivyonunuliwa msimu wa wingi vikahifadhiwa vizuri vitakuvusha masika kuliko noti zilizo kwenye simu, ambazo kila anayekufahamu anajua namba yake.

2. Hesabu njia, si mafuta tu

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huhesabu petroli peke yake. Pima mzunguko mzima: kutoka kwako hadi chakula kinapopikwa, hadi kwa mtu wa mwisho, hadi kurudi. Wa Mtwara mjini anayezunguka Chikongola, Magomeni na Ligula ana safari fupi. Akikubali mzee mmoja tu wa Mikindani, ameongeza kilomita kumi za kwenda na kumi za kurudi kwa sahani moja. Wa Lindi mjini anayeombwa afike Mingoyo yuko kwenye tatizo hilohilo, tena kubwa zaidi. Mtu wa mbali mtafutie mpelekaji wa kulekule. Nalisema hili mapema kwa sababu kukataa kabla ya kuanza hakumuumizi mtu kama kuacha baadaye.

Chukua mfano huu, kisha weka bei zako. Mpelekaji ana pikipiki ya cc 125. Ana watu wanne, mzunguko wa kilomita 14, siku tano kwa wiki. Kwa mwezi ni kama kilomita 300. Pikipiki ya namna hiyo ikiwa nzima hupata takriban kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo ni lita saba na nusu. Tuseme lita ni shilingi 3,000: mafuta ni 22,500. Oili ikibadilishwa kila kilomita 1,500, mwezi huo umetumia sehemu moja ya tano ya oili. Kama oili pamoja na fundi ni 12,000, andika 2,400. Tairi, cheni, breki, plagi na pancha havilipwi kila mwezi, ndiyo maana husahaulika. Mimi huweka shilingi 20 kwa kila kilomita, yaani 6,000. Jumla 30,900, karibu shilingi 103 kwa kilomita, wakati mafuta peke yake ni 75.

Tofauti hiyo ya shilingi 28 ndiyo inayokuja kumshtua mtu siku cheni inapokatika.

Bei ya mafuta usiikisie. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndani yake kuna bei za Mtwara na za Lindi, kwa sababu meli za mafuta hushusha pia bandari ya Mtwara na bei yake si lazima ilingane na ya Dar es Salaam. Siku hiyo ya Jumatano rekebisha ukurasa wako.

Asiye na pikipiki asidhani amesalimika. Baiskeli ina tairi na spoki, na mchanga wetu hauna huruma navyo. Miguu ina soli na muda. Ukikodi bodaboda, usilipe safari kwa safari. Tafuta kijana mmoja wa kijiweni unayemwamini, kubaliana naye bei ya mwezi kwa mzunguko uleule, na mwambie wazi siku za mvua zitakuwaje. Asipopewa nafasi ya kusema bei ya matope mapema, ataisema siku ya matope, nawe una hotpoti nne mkononi.

Nje huko hesabu hii imewasumbua pia. Nchini Marekani, ambako huduma ya watu wa kujitolea kupeleka milo majumbani ilianza Philadelphia mwaka 1954, sheria ya kodi inamruhusu anayetumia gari lake kwa kazi ya hisani kuondoa senti 14 kwa maili kwenye mapato yanayokatwa kodi, na kiwango hicho kimesimama palepale tangu 1998. Kwa safari za kikazi, mwaka 2025 waliweka senti 70 kwa maili. Yaani hata huko pengo lililobaki analibeba anayejitolea. Sisi hata hizo senti 14 hatuna, kwa hiyo daftari ndilo mamlaka yako ya mapato.

3. Vyombo, moto na joto la Kusini

Kila mtu unayempelekea anahitaji hotpoti mbili: moja unaiacha imejaa, nyingine unairudisha tupu. Ukianza na mojamoja utajikuta umesimama barazani ukisubiri mzee amalize kula, au unamhamishia chakula kwenye bakuli ambalo hujui limeoshwa lini. Ziandike kwa rangi ya kucha upande wa chini, herufi tu, si jina la mtu. Vyombo hupotea. Wajukuu huvitumia kuchotea maji, jirani huazima, na kwenye msiba hotpoti hugeuka kuwa mali ya umma. Tenga pesa ya kununua moja mpya kila baada ya miezi michache na usigombane na mtu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo beba kwa kikapu cha ukili kilichofungwa kwa khanga nene, au kreti lililofungwa nyuma ya pikipiki na kuwekewa kipande cha godoro chini. Godoro hilo huokoa mchuzi kuliko mfuniko wowote.

Sasa joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa Desemba ya Mtwara mimi nahesabu saa moja. Wali wa nazi na mchuzi wa nazi huchacha upesi. Siku ya mzunguko mrefu pika kwa mafuta, nazi iache kwa siku unayopeleka nyumba mbili. Mwambie mzee ale mara tu unapoondoka, asiweke cha usiku. Wengi watakuficha kwamba wanaweka nusu. Ukiligundua, usigombe: mpunguzie wingi wa mchana na umwachie kitu kikavu cha jioni, kama muhogo wa kuchemsha au mkate.

Mwenye kiharusi huenda anapaliwa. Muulize anayemuuguza kama anameza vizuri. Ugali mkavu na samaki wa miba humtia hatarini, uji mzito au wali uliopondwa ni afadhali. Mwenye sukari anayetumia dawa au sindano hapaswi kuchelewesha chakula, kwa hiyo huyo awe wa kwanza kwenye mzunguko, kila siku, hata kama nyumba yake iko nyuma. Hilo linaongeza kilomita. Liandike.

Kama unapika mwenyewe, sahani mbili zikitoka kwenye chungu cha nyumbani huzioni sana kwenye bajeti. Zikiwa nne ni chungu kingine, na chungu kingine ni mkaa mwingine. Gesi inatoka Msimbati, inasafishwa Madimba, na baadhi ya nyumba mjini zimeunganishwa na bomba. Sisi tuliobaki tunabeba mtungi begani. Mtungi uliokuwa ukikaa mwezi utakaa wiki tatu. Mwenzio wa nyumbani atauliza, na ana haki ya kuuliza.

4. Muda wa mchana ni wa nani?

Saa moja na nusu kwa siku, siku 22, ni saa 33 kwa mwezi. Ukizitazama hivyo zinavumilika. Ila si saa zote zina bei moja. Chakula cha mchana kinatakiwa kifike kati ya saa sita na saa saba na nusu, na huo ndio muda pekee mama lishe anauza, ndio muda bodaboda anapata abiria wa ofisini na wanafunzi, ndio muda mwenye duka anahitaji mtu wa kukaa. Dereva anayeendesha pikipiki ya mtu akitoa muda huo kila siku atajikuta hesabu ya bosi haitimii, kisha analipa kwa kuendesha usiku, na usiku una hatari zake.

Ukiwa mmoja wa hao, jitolee kwa siku mbili za wiki, au badilisha mlo. Uji wa saa moja asubuhi una thamani kubwa kwa mgonjwa na haugusi biashara yako. Sijui kwa nini watu hufikiri msaada lazima uwe wa mchana.

Na kipindi cha kupulizia salfa, au wiki za kuokota korosho, wa shamba hayupo mjini kabisa. Hilo linajulikana tangu sasa. Andika kwenye kalenda nani atashika zamu wiki hizo.

5. "Mjukuu wangu, na panadol…"

Hii ndiyo gharama ninayoiogopa kuliko petroli. Unafika, unabisha hodi, unaamkia. Bibi anaitikia marahaba, anauliza watoto hawajambo, kisha kwa sauti ndogo: kibatari kimeisha mafuta. Kesho ni panadol. Keshokutwa mjukuu hana kalamu. Kila moja ni shilingi mia tano, elfu moja. Hakuna hata moja unayoweza kuikataa ukiwa umesimama mbele yake, na mwisho wa mwezi vidogo hivyo vimefika nusu ya mafuta.

Njia iliyotusaidia ni kuweka kifungu cha pesa kabisa. Kwa mfano wetu wa watu wanne, tuseme 10,000 kwa mwezi kwa vidogo vidogo. Kikiisha tarehe 18, kimeisha. Ombi linalobaki hulibebi wewe bali unalipeleka panapohusika. Jibu lenyewe liwe la heshima na la kweli: "Bibi, hilo la dawa nimelisikia. Leo jioni namwambia mhudumu wa afya wa mtaa apite." Kisha umwambie kweli.

Jua milango ya kubisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na taratibu zilizofuata zinampa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, lakini lazima atambuliwe. Anayeanzisha ni mtendaji wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Kaya maskini ina TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya za namna hiyo. Safari moja ya kufuatilia kitambulisho cha mzee huondoa panadol nyingi mfukoni mwako. Ila ukisaidia, saidia kwa kumsindikiza au kumwita mhusika. Usishike kadi yake ya benki, usijue namba yake ya siri ya simu, usipokee pesa ya TASAF kwa niaba yake hata akikuomba kwa machozi. Siku ikipungua elfu tano, hakuna atakayekumbuka wali wako.

Simu nayo. Bando la kumpigia mjumbe, jirani, mpishi na mtu wa zamu hufika 5,000 kwa mwezi bila wewe kujua. Michango ikipita kwenye namba yako binafsi, ada za kutuma na kutoa zinakukata wewe, na mwisho wa mwezi hujui ipi ni yako ipi ni ya wazee. Fungueni laini ya kikundi.

Jumlisha mfano wetu: njia 31,000, simu 5,000, sabuni na mkaa wa kuchemshia maji ya kuoshea vyombo 4,000, vidogo vidogo 10,000. Ni shilingi 50,000 kwa mwezi, kabla hujanunua punje ya mchele. Kama mwezi wako mbaya unaruhusu 15,000, basi una mawili: peleka kwa mtu mmoja wa mtaani kwako kwa miguu, au tafuta wenzako watatu. Usichukue wanne kwa kutegemea Mungu atafungua, kwa sababu wanaokaa wakisubiri ni wao.

Mzee naye atataka kukupa kitu. Maembe mawili, yai, kibaba cha korosho alizobangua mwenyewe. Pokea. Nimeona watu waliosoma semina wakikataa kwa sababu "mlengwa hatoi", na bibi akabaki ameinamisha uso kutwa nzima.

6. Mjomba, majirani na lawama

Chakula ni jambo zito. Mgonjwa akizidiwa usiku baada ya kula ulichopeleka mchana, swali la kwanza mtaani si la kitabibu. Jina lako ni mali, na linaweza kugharimu kuliko pikipiki.

Kwa hiyo usiingie nyumba ya mtu peke yako siku ya kwanza. Nenda na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Uliza nani ana sauti juu ya mgonjwa. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao mara nyingi huyo ni mjomba wa upande wa mama, hata kama anaishi Newala au Nachingwea na hajaonekana miezi. Mpigie. "Shikamoo mjomba, mimi ni fulani wa mtaa huu, tumeona mama yuko peke yake mchana, tunaomba ruhusa yako tumletee chakula." Simu hiyo ya dakika tatu imezuia maneno mengi. Wakati mwingine inamfanya mjomba aone haya akaanza kutuma kitu, na hapo mzigo wako unapungua.

Chakula kionekane kinapotoka na kinapoingia. Wapikaji nao wakile chakula kilekile. Mwanamume anayempelekea mama anayeishi peke yake amwite jirani au akabidhi barazani mlango ukiwa wazi. Mwanamke anayezunguka jioni asiwe peke yake, na gharama ya mtu wa kumsindikiza ihesabiwe kama nauli nyingine yoyote.

7. Mwili wako

Bima ndogo ya pikipiki inamlipa mtu uliyemgonga. Mguu wako haiutazami. Watu wengi hulijua hilo wakiwa kitandani hospitali ya Ligula au ya Sokoine. Kama huna bima ya afya yoyote, hiyo ndiyo sadaka ya kwanza kuitoa, kwako na kwa watoto wako, kabla ya hotpoti. Kofia ngumu, koti la mvua, tochi: hivi navyo ni vifaa vya kazi, viingie kwenye bajeti ya kikundi.

Ukienda kwa mgonjwa wa kifua kikuu, uliza ameanza dawa lini. Akishatumia dawa sawasawa kwa takriban wiki mbili, hatari ya kuambukiza hupungua sana. Kabla ya hapo kabidhi chakula nje penye hewa, usikae chumbani ukipiga soga. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapime. Vipimo na dawa za TB vituo vya serikali ni bure.

Halafu kuna vifo. Hawa ni watu wazima na wagonjwa. Baadhi watakufa ukiwa unawahudumia. Utaenda mazikoni, utatoa rambirambi, huenda ukasafiri hadi kijijini Nanyamba au Rondo alikozaliwa. Weka kifungu cha misiba kwa mwaka, kidogo tu. Na baada ya msiba usijaze nafasi ile wiki ileile. Kuna mpelekaji ninayemheshimu sana ambaye kila akizikwa mtu wake hupumzika hadi arobaini ipite, na mwenzake humshikia zamu. Zamani nilidhani ni uvivu. Ndiye aliyedumu kuliko sisi wote.

8. Kaa na wa nyumbani kwako

Fanya hivyo kabla ya kuanza, si baada ya mtungi kuisha. Mwoneshe mwenzio ukurasa wenye jumla. Mwambie kiasi, siku na saa. Mkubaliane nini hakiguswi: kwa mfano ada ya chuo ya mtoto, na Jumapili au Ijumaa. Mtoto anayetumwa kupeleka hotpoti naye anatoa muda wake wa masomo. Mpe siku zake, msimfanye punda. Nyumba ikiridhia, mtu huongeza kijiko cha mboga bila kuambiwa. Isiporidhia, utapeleka chakula kwa kuibia, na utachoka mapema.

9. Omba kurudishiwa, kwa kanuni

Kikundi kikiwa na mfuko, mpelekaji arudishiwe. Kuona haya ndiko kunakoua vikundi: yule mwenye pikipiki anaona aibu kudai, na wengine wanadhani anafurahia. Wekeni kiwango kimoja kwa kilomita. Kwa mfano wetu ingekuwa shilingi 100. Kipitiwe kila bei kikomo inapobadilika sana, kilipwe tarehe moja ya mwezi. Mpelekaji aandike tarehe, kilomita na nyumba alizofika, kwa herufi zilezile za hotpoti. Asiyetaka kuchukua achukue kwanza kisha arudishe kwenye mfuko kwa mkono wake. Hapo kila mtu anajua kazi ina bei gani, na siku akija mpelekaji asiye na uwezo huo, hakuna anayeshangaa akiichukua.

Msikope dukani kwa jina la mpelekaji. Hata siku moja.

10. Ramadhani na wiki baada ya Idd

Mwezi wa Ramadhani mchana hubadilika kuwa jioni. Wagonjwa wasiofunga bado wanahitaji mchana, kwa hiyo usihamishe wote kwenye futari. Misikiti na majirani hupeleka futari kwa wingi, na mzee mmoja anaweza kupokea sahani tatu huku wa nyuma ya nyumba hana. Kaa na wasimamizi mgawane nyumba. Gharama yako mwezi huo inaweza kushuka. Unachookoa usikitumie kwa nguo za sikukuu. Wiki moja baada ya Idd futari zimekoma, mifuko ya watu imepwaya, na miaka hii Idd inaangukia msimu wa mvua.

11. Ukilazimika kuacha

Toa taarifa ya mwezi mzima kwa kikundi, mjumbe na ndugu wa mgonjwa. Mwambie mzee mwenyewe, usimtumie salamu. Mpelekaji mpya aende nawe mara kadhaa ili mzee aizoee sauti yake mlangoni, mbwa naye amzoee. Kama hakuna wa kupokea, punguza kwa hatua: siku tano ziwe tatu, kisha mbili, huku ukimrudia yule binti wa jirani na mjomba kuwaeleza ni siku zipi mzee hatakuwa na chakula.

Mwandikie anayepokea karatasi moja kwa kila nyumba: nani anapaliwa, nani ana sukari na ale saa ngapi, nani hasikii hodi mpaka upige dirisha, namba ya jamaa mwenye sauti. Mpe na hotpoti zote mbili za kila mtu. Akilazimika kununua zake, ameingia hasara kabla hajawasha pikipiki.